Mchanga wa Lami: Je, Utaifaa Barabara ya Bwera?

Askari na polisi wengi waliopata kupangiwa kazi katika wilaya ya Kasese wanaifahamu vema barabara itokayo mjini Kasese kuelekea kusini, ikapita katika tambarare ya mbuga mpaka Kikorongo, kisha ikageuka magharibi na kufuata miguu ya milima ya Rwenzori hadi Kinyamaseke, Bwera na mpaka wa Mpondwe. Kutoka Kikorongo mpaka mpakani ni kiasi cha kilomita 38 tu. Hata hivyo, katika kilomita hizo chache hupita kahawa, pamba, maharagwe, samaki, wagonjwa, wanafunzi, wafanyabiashara wa nchi mbili, na sisi wenye dhamana ya ulinzi.

Katika makala haya tumekusudia kulizungumzia jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wahandisi peke yao, nalo ni kile kinachofunika barabara, yaani lami. Hasa tutaeleza habari za mchanga wa lami, mchanga wa asili ambao ardhi yenyewe imeulowesha kwa mafuta mazito. Mchanga huo unapatikana katika Bonde la Ufa lile lile ambalo Kasese imo ndani yake. Swali tunalotaka kulijibu ni moja: je, mchanga huo waweza kutujengea barabara, na ukiweza, ni barabara ipi?

Kwa nini askari ajali lami

Huenda ndugu msomaji akauliza, mwenye bunduki ana haja gani ya kujua habari za lami? Jibu limeandikwa katika historia ya Bwera yenyewe. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka mpaka na kushambulia Mpondwe, na vita vilivyofuata katika safu za Rwenzori vilidumu kwa miaka kadhaa. Katika miaka hiyo wapiganaji wengi walijifunza kwa uchungu tofauti iliyopo kati ya njia ya udongo na barabara ya lami. Katika njia ya udongo adui hufukua shimo kwa dakika chache, akazika bomu, akalifunika na kupita zake. Juu ya lami ngumu kazi hiyo haifanyiki bila kelele wala bila kuacha alama.

Mwezi Juni 2019 wagonjwa wa Ebola waliotoka ng'ambo ya mpaka walipokelewa katika hospitali ya Bwera, na kila daktari, kila dawa na kila gari la kuwahudumia lilitegemea barabara hiyo hiyo. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha iliyo karibu na mpaka, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Hapana askari aliyesikia habari ile ambaye hakujiuliza juu ya umbali na dakika. Na dakika, katika nchi ya milima, hupimwa kwa hali ya barabara.

Miaka miwili kamili kabla ya usiku ule, tarehe 16 Juni 2021, Marais wa Uganda na wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walikutana Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara ndani ya Kongo, zenye jumla ya kilomita 223. Miongoni mwake ni ile ya Kasindi hadi Beni, kilomita 80, ambayo ni mwendelezo wa barabara yetu ya Bwera. Tarehe 30 Novemba mwaka huo huo ilianza operesheni Shujaa, na tangu siku za mwanzo wahandisi wa jeshi walilazimika kushika greda na makoleo ili magari yapite katika matope ya misitu. Kwa hiyo barabara na ulinzi ni kama ulimi na mate.

Swali lililoulizwa Bwera

Siku moja, tulipokuwa tukizungumza na kikosi kimoja karibu na Bwera, koplo mmoja alisimama, akapiga saluti, akauliza:

"Afande, tumeambiwa mafuta yako Hoima, tena kuna mahali yanatoka yenyewe juu ya ardhi. Mbona lami ya kuziba mashimo haya lazima itoke ng'ambo ya bahari?"

Swali lake lilikuwa la haki, nalo linastahili jibu la haki. Lami inayotumika katika barabara zetu hutokana na mafuta ghafi yanayosafishwa katika nchi za nje. Hushushwa bandarini Mombasa, ikapakiwa katika malori, ikasafiri hadi Kampala na kutoka hapo ikaja Kasese, safari ya kiasi cha kilomita 1,500. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, lakini treni zilikoma kufika mwishoni mwa miaka ya 1990. Ndiyo maana kila pipa la lami hutufikia likiwa limebeba gharama ya njia yote.

Na ni kweli pia kwamba ardhi ya Uganda hutoa lami yake yenyewe. Mtaalamu E. J. Wayland, mkuu wa kwanza wa idara ya uchunguzi wa ardhi ya Uganda, alitembea kandokando ya Ziwa Albert na katika mwaka 1925 akachapisha taarifa juu ya mafuta ya nchi hii. Aliorodhesha mahali 52 ambapo mafuta au dalili zake hujitokeza juu ya ardhi. Mwaka 1938 kisima kiitwacho Waki kilichimbwa karibu na Butiaba, kikafika kina cha mita 1,237, nacho kilikutana na dalili za lami, lakini si mafuta ya kuuza. Ilichukua miaka 68 mingine, hadi mwaka 2006, kuthibitisha kwamba yako mafuta ya kutosha biashara.

Miongoni mwa mahali palipojulikana tangu zamani ni Kibiro, kijiji kilicho chini ya genge kando ya Ziwa Albert, ambacho wanawake wake ni mashuhuri kwa kutengeneza chumvi kwenye chemchemi za maji ya moto. Pengine ni Kibuku, katika bonde la Semliki, upande wa kaskazini wa milima ile ile ya Rwenzori tunayoiona tukiwa Bwera. Jirani zetu nao wanayo mambo kama hayo: huko Tanzania, katika eneo la Rufiji, kuna mawe ya mchanga yaliyolowa mafuta mahali paitwapo Wingayongo.

Mchanga huu ni kitu gani

Yafaa ieleweke kwanza mchanga wa lami hutokeaje. Mafuta huzaliwa chini kabisa, mahali penye joto na mgandamizo mkubwa. Kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, hupanda polepole akitafuta upenyo, hasa pale ardhi ilipopasuka kama ilivyopasuka katika Bonde la Ufa. Yakikutana na mchanga karibu na uso wa nchi, huingia katikati ya punje zake na kukaa humo. Hapo hewa, maji na vijidudu huyashambulia. Sehemu zilizo nyepesi huruka au huliwa na vijidudu hivyo, na kinachosalia ni kile kizito, cheusi, chenye kunata. Mchanga uliolowa mabaki hayo ndio mchanga wa lami.

Mtu akiushika mkononi wakati wa jua kali hunata vidoleni. Asubuhi ya baridi hukatika kama jiwe laini. Mchanga uliolowa vizuri waweza kuwa na lami kiasi cha sehemu 10 katika kila sehemu 100 za uzito wake, na mara nyingine zaidi kidogo. Lami ya barabara ya kawaida huchanganywa kwa kiasi cha sehemu 5 katika 100. Kwa maneno mengine, maumbile yameshachanganya kazi ambayo sisi huifanya kwa mitambo, tena yameweka lami mara mbili ya tunayoihitaji. Je, si jambo la kushangaza? Lakini kabla hatujafurahi kupita kiasi, tuwaangalie waliotutangulia.

Waliotutangulia

Matumizi ya lami ya asili ni ya kale kuliko jeshi lolote lililopo leo. Watu wa Babeli waliunganisha matofali yao kwa lami iliyochotwa Hit, kando ya mto Frati. Mwaka 1595 Mwingereza Walter Raleigh alifika kisiwa cha Trinidad, akaona ziwa zima la lami, akaitumia kuziba nyufa za merikebu zake. Mwaka 1876 lami ya ziwa hilo ilianza kutandazwa katika barabara ya Pennsylvania mjini Washington, Marekani. Huko Indonesia, kisiwa cha Buton kina mawe yaliyolowa lami ambayo yametumika katika barabara za nchi hiyo.

Lakini somo lililo karibu zaidi na swali la koplo wetu linatoka Kanada. Kaskazini mwa jimbo la Alberta, kando ya mto Athabasca, kuna mchanga wa lami mwingi ajabu. Mwaka 1915 mhandisi wa serikali aitwaye Sidney Ells alisafirisha mchanga huo mpaka mji wa Edmonton, kiasi cha kilomita 400 na zaidi, akautengeneza na kuutandaza katika sehemu ya mtaa mmoja. Kazi ilifaulu, na lami ile ikastahimili magari na baridi. Hata hivyo mradi haukuendelea kama alivyotarajia, kwa sababu lami iliyonunuliwa kutoka nje ilikuwa rahisi kuliko kubeba mchanga kwa mwendo mrefu namna hiyo.

Baadaye, katika miaka ya 1920, mtaalamu mwingine aitwaye Karl Clark, ambaye naye alianza akifikiria barabara za matope za mkoa wake, alitengeneza njia ya kutenganisha lami na mchanga kwa kutumia maji ya moto. Njia yake ndiyo iliyozaa viwanda vikubwa vya Alberta, cha kwanza kikifunguliwa mwaka 1967. Ajabu ni kwamba viwanda hivyo vilijengwa kwa ajili ya petroli na dizeli. Barabara iliyoanzisha fikra yote ikabaki nyuma.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi na tufungue daftari.

Chukua kilomita moja ya barabara yenye upana wa mita 7, nasi tunataka kuifunika kwa lami ya unene wa sentimita 5. Mchanganyiko unaohitajika ni kiasi cha tani 800. Ndani yake lami halisi ni tani 40, na zilizobaki ni kokoto na mchanga. Kwa kilomita zote 38 za kutoka Kikorongo hadi Mpondwe, mchanganyiko ni kiasi cha tani 30,400, na lami halisi ni tani 1,520.

Tukiitoa lami Mombasa, tani 40 za kila kilomita husafiri kilomita 1,500. Zidisha: tunapata kazi ya kubeba tani 60,000 kwa kilomita moja moja. Kokoto na mchanga huchukuliwa hapa hapa, kwani mito ya Rwenzori imeshusha mawe magumu na mchanga bila kutudai nauli.

Sasa tuuchukue mchanga wa lami wenye sehemu 10 katika 100, tuuchanganye nusu kwa nusu na kokoto za Kasese. Kwa kila kilomita tutahitaji tani 400 za mchanga huo. Tukiutoa Kibiro, ambako ni kiasi cha kilomita 300 kupitia Fort Portal na Hoima, kazi ya kubeba ni tani 120,000 kwa kilomita moja moja, yaani mara mbili ya ile ya Mombasa. Tukiutoa Kibuku, umbali wa kiasi cha kilomita 120, kazi ni tani 48,000, yaani pungufu kidogo kuliko Mombasa. Mpaka wa faida, kwa hesabu hii, uko kilomita 150. Zaidi ya hapo, lori halibebi lami, bali linabeba mchanga ambao Kasese unao tele.

Hesabu hii, ndugu msomaji, ni ya mizigo tu. Haikuingiza fedha za kigeni tunazolipa kununua lami, wala nauli ya meli. Mambo hayo huutetea mchanga wetu. Lakini pia haikuingiza gharama za kuchimba, kuponda, kuchemsha na kupima. Tena kwa kilomita 38 tungehitaji tani 15,200 za mchanga wa lami, sawa na safari 760 za tipa la tani 20. Safari hizo zote zingepita juu ya barabara nyingine na kuzichakaza. Na mchirizi wa mafuta unaoonekana kando ya genge si machimbo. Wayland aliorodhesha dalili, na dalili ni kama moshi: hutuambia pana moto, lakini hautupikii chakula.

Je, hatuwezi kufuata njia ya Clark, tukaitenganisha lami pale pale Kibiro na kubeba lami peke yake? Yawezekana kwa ufundi. Lakini njia hiyo hutaka maji mengi, moto mwingi, na mabwawa ya kutunzia maji machafu. Huko Alberta mabwawa hayo yamekuwa makubwa kama maziwa. Kibiro iko ukingoni mwa Ziwa Albert ambamo maelfu ya wananchi huvua samaki. Kuichafua riziki ya mvuvi wa Hoima ili kuziba shimo la Bwera si maendeleo.

Mchanga hupimwa, hauaminiwi

Tuseme basi umepatikana mchanga wa kutosha na ulio karibu. Bado kuna maswali ambayo mhandisi hana budi kuuliza, nayo yanafanana sana na yale ambayo ofisa huuliza anapopokea askari wapya: ana nguvu gani, atavumilia nini, na atavunjika lini?

Swali la kwanza ni ugumu. Lami hupimwa kwa sindano yenye uzito wa gramu 100 inayoachwa iizamie kwa sekunde 5 katika joto la nyuzi 25. Ikizama sana, lami ni laini, nayo itayeyuka na kuvimba chini ya magurudumu katika jua la Kikorongo, ambako Ikweta hupita karibu. Ikikataa kabisa, lami ni kavu na itapasuka. Lami ya asili hutofautiana kutoka shimo hadi shimo, na pengine hata kati ya juu na chini ya shimo moja.

La pili ni nta. Mafuta ghafi ya Bonde la Albert yana nta nyingi, kiasi kwamba huganda yakipoa. Nta katika lami ni kama utelezi katika mkono wa mpanda mlima: huifanya ilegee kwenye joto na isishike mawe barabara. Vijidudu tulivyovitaja hula nta hiyo kwa muda mrefu, lakini kiasi kilichobaki hakijulikani kwa macho. Sharti kipimwe.

La tatu ni maji. Katika mchanga wa Athabasca kila punje ina utando mwembamba wa maji kati yake na lami, na ndiyo maana maji ya moto huitoa lami kwa urahisi. Kinachomfurahisha mwenye kiwanda humtia hofu mjenzi wa barabara, kwani lami isiyolishika jiwe itabanduliwa na mvua ya kwanza. Mchanga wa namna hiyo lazima uchemshwe ukauke kabla ya kutumiwa.

La nne ni mawe. Mchanga peke yake, hata ukiwa na lami nzuri, ni punje ndogo zisizofungamana. Utafaa kwa baiskeli, pikipiki na magari mepesi. Chini ya lori la mizigo litokalo Mpondwe utabonyea na kufanya mifereji ya magurudumu. Ndiyo sababu tulisema uchanganywe na kokoto zenye pembe kali, zinazokamatana kama wapiganaji waliojipanga bega kwa bega.

Mahali pake

Kutokana na hayo yote, jibu letu kwa koplo ni hili. Mchanga wa lami ni kitu cha kweli na chenye manufaa, lakini ni mali ya jirani yake. Pafaapo ni katika barabara ndogo zilizo karibu na unakopatikana: njia ya kijiji, uwanja wa zahanati, ua wa kambi, mteremko wa genge unaoliwa na mvua. Huko unaweza kutandazwa kwa unene mdogo juu ya moramu iliyoshindiliwa vizuri, ukazuia vumbi na maji. Kwa barabara ya Bwera, yenye malori mazito na iliyo mbali na michirizi hiyo, hautachukua mahali pa lami ya kununuliwa.

Lakini fikra iliyo ndani yake yaifaa Bwera kabisa, nayo ni hii: tazama kwanza kilicho karibu. Katika unene mzima wa barabara, lami ni ngozi tu. Mwili ni moramu, mawe na kokoto, na hivyo Kasese inavyo. Pia inacho kiwanda cha saruji cha Hima, kilicho kwenye barabara ya Fort Portal. Moramu dhaifu ikichanganywa na saruji kidogo, ikamwagiwa maji na kushindiliwa, huwa msingi mgumu unaoweza kubeba ngozi nyembamba ya lami kwa miaka mingi. Kila tani ya lami inayookolewa kwa njia hiyo ni tani ambayo haikusafiri kilomita 1,500.

Wala tusisahau adui mkuu wa barabara za wilaya hii. Mwezi Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika, ukaingia Kilembe na Kasese, ukabomoa nyumba na madaraja. Ukafanya hivyo tena mwaka 2014 na mwaka 2020. Maji hayaulizi kama lami ilitoka Mombasa au Kibiro. Barabara isiyo na mitaro na makalvati yaliyo wazi itakufa, hata ikifunikwa kwa dhahabu.

Wajibu wetu sisi wenye sare

Hapa ndipo wajibu wetu unapoanza, kwa maana lami ikishatandazwa, mhandisi huondoka na sisi tunabaki.

Kwanza ni uzito. Majaribio makubwa yaliyofanywa Marekani kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli hayaongezeki sambamba na mzigo, bali huongezeka kwa kasi zaidi ya hapo. Ekseli iliyoruhusiwa tani 10 ikipakiwa tani 12 huiumiza barabara kama mara mbili. Ikipakiwa tani 20, huiumiza kama mara 16. Kwa hiyo askari polisi anayefumba macho mbele ya lori lililozidi mzigo hajasamehe kosa dogo la dereva mmoja. Amewanyang'anya wananchi wa Bwera miaka ya barabara yao.

Pili ni vizuizi. Mara nyingine huonekana mashimo yaliyochimbwa katika lami ili kusimamisha nguzo ya kizuizi, au alama za moto wa kuotea usiku na wa matairi yaliyochomwa. Moto huichoma lami ikabaki mchanga mtupu, na shimo la nguzo huwa mlango wa maji. Kizuizi kiwekwe juu ya pipa lililojazwa mawe, na moto uwashwe kando, kwenye udongo.

Tatu ni mafuta ya magari yetu. Dizeli iliyomwagika huyeyusha lami, kwa kuwa ni ndugu wa damu moja. Gari linalovuja lisiegeshwe juu ya lami, na vyombo vya minyororo vipakiwe juu ya malori maalum badala ya kutembea vyenyewe.

Nne ni mitaro. Kikosi kilichokaa kando ya barabara kinaweza kwa saa moja ya kazi ya mikono kuzibua kalvati lililojaa taka kabla ya masika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na asiyezibua kalvati atajenga daraja.

Ndugu askari, huenda siku moja wataalamu watapata huko Semliki mchanga wa kutosha, mzuri na ulio karibu, wakautumia kwa faida. Tutafurahi sana, na tutakuwa wa kwanza kuulinda. Lakini barabara ya Bwera haiwezi kuingoja siku hiyo. Mgonjwa yumo njiani leo, mwanafunzi yumo njiani leo, na doria itatoka usiku huu. Lami iliyopo chini ya magurudumu yetu, popote ilipotoka, imelipiwa kwa jasho la wananchi. Tuitunze kama tunavyoitunza bunduki: tuisafishe, tusiibebeshe kuliko nguvu zake, na tusingoje iharibike ndipo tukumbuke thamani yake.